Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita walimwacha Sena mlangoni,
kitasa mkononi, buti za askari ngazini,
wakaandika ITAENDELEA,
nami nikalala vibaya siku saba
kama mwenye mgonjwa Mawenzi.

Leo ndiyo leo. Pasua imetulia,
mbwa wa kwa Massawe ameshafunguliwa,
mimi na Aikande tuna kiburu kilichobaki mchana
na kiti kimoja kizima.

Wanaanza na ndoo.
Dakika nzima, ndoo tu. Tone. Kisha tone.
"Shangazi, hawa wanatupotezea muda."
Nyamaza, mwanangu. Kwenye nchi ile
tone ni taarifa ya habari.

Nchi yenyewe haina jina. Ina kuta,
ina vipaza sauti vya kuamkia watu
kwa upole wa mtu anayekuficha msiba.
Majina yalipigwa marufuku tangu sehemu ya pili.
Sena ni Elfu Nne na Kumi na Saba,
mwanawe ni Kumi na Nane,
na ukimwita mwenzio alivyoitwa na mama yake
unakatiwa maji siku tisa.

Mimi huyu, mtu mzima, mwenye pensheni na goti bovu,
nimesimama katikati ya sebule:
"Usifungue! We mama, usifungue!"
Kafungua.
Hufungua siku zote.

Halafu wamemuua kinyozi.
Kinyozi! Yule aliyekuwa akiinama kisogoni kwa mteja
akamnong'oneza jina lake, mara moja,
wembe ukiendelea kupita.
Aikande karusha mto ukutani.
Mimi nikaapa siangalii tena tamthilia hii,
mwandishi wake hakulelewa na mtu,
nikasogeza kiti mbele.

Foleni, sasa. Madumu matupu.
Dirisha dogo lenye nondo. Sena anafika, anafungua kinywa —

giza.

LUKU.

Vyura wa mferejini wakashika zamu.
Aikande akanisomea kwa mwanga wa simu
tarakimu ishirini, nne nne, kama rozari,
nami nabonyeza, nakosea, narudia.
"Shangazi, kumbe na sisi tuna namba!"
Akacheka peke yake.

Taa iliporudi
karani alikuwa amejaa kioo kizima
kana kwamba alikuwa akiningoja mimi.

Hana sura mbaya. Hilo ndilo lililoniudhi.
Ana sweta la kufuma,
kikombe cha chai kimefunikwa kisahani,
na mwandiko ambao mwalimu yeyote angeusifu.
Anaweka rula chini ya namba ya Sena,
anakata: mstari mmoja, mnyoofu, wino haukuvuja.
Hainui kichwa.
"Anayefuata."

"Huyu," akasema Aikande, "huyu ndiye ningemnyonga
kabla hata ya majenerali."

Sikujibu. Nilikuwa natafuta miwani
niliyokuwa nimeivaa.

Miaka kumi na tisa, dirisha la ankara, ofisi ya maji.
Sweta langu lilikuwa la kijani.
Siku moja akaja mama wa Njoro, mtoto mgongoni,
deni elfu kumi na moja na mia nne,
akashika nondo kwa mikono miwili, akaanza:
"Dada, mimi naitwa Ndeshukurwa —"
nikamwambia, namba ya mita, mama. Siyo jina.
Nikamwambia vizuri. Hakuna aliyewahi kusema
kwamba mimi nilimfokea mtu.

Mtoto alikuwa na kikohozi.
Rula ilikuwa ya mbao, ya inchi kumi na mbili.

Kwenye televisheni Sena anarudi nyumbani na dumu tupu,
muziki unapanda, Aikande anafuta macho kwa ncha ya khanga yangu.
Mimi bado niko dirishani.
Nataka kamera irudi kule. Nataka kumwona akifunga daftari,
akinywa ile chai imeshapoa,
akitembea kwenda kwake.
Hawarudi. Nani anamjali.

ITAENDELEA.

"Unadhani wiki ijayo yule karani atageuka?
Atawafungulia?"

Nikakusanya sahani.
"Sijui," nikasema. "Anaonekana amebakiza
miaka michache tu astaafu."